Ukimpigia mhitimu kumuuliza kama ana kazi, anadhani wewe ni wa Bodi ya Mkopo

Kuna kaka mmoja nilimpigia simu saa nne asubuhi, tumekaa chumba kimoja watu nane, kila mtu na orodha yake mezani na simu sikioni. Jina lake nilikuwa nalo yote matatu, kozi aliyosoma ninayo, ualimu, mwaka aliomaliza ninao. Nikamwambia habari za asubuhi kaka, samahani kwa usumbufu, naongea na fulani? Akanyamaza kidogo. "Nani mwenzangu?" Nikajitambulisha, nikamweleza napiga kwa niaba ya chuo alichosoma, tunafanya utafiti wa kuwafuatilia wahitimu, ni dakika ishirini tu. Akaniuliza, "We si wa Bodi?" Nikamwambia hapana kaka, Bodi mimi sihusiani nayo kabisa, huu ni utafiti wa chuo. Akasema, "Sawa, ila mimi kazi bado sijapata, waambie hivyo, sijapata," akakata. Nikapiga tena, haipatikani. Kwenye tableti nikabonyeza "amekataa", nikaenda kwa anayefuata.

Siku ile sikuona tatizo, nilikuwa nawahi kufikisha idadi. Nimekuja kuliona baadaye nilipohamia upande wa kusafisha data na kuandika ripoti, maana kwenye faili la mwisho yule kaka hayupo. Alinipa jibu la swali kubwa kuliko yote kwenye lile dodoso, ana kazi au hana, na halikuingia popote. Na hata lingeingia nisingejua nilishike vipi, kwa sababu mtu anayedhani unampigia kwa ajili ya deni atakwambia hana kazi hata kama anayo.

Naandika haya kwa sababu vyuo vyetu vya Tanzania sasa hivi vinafanya hizi tafiti kwa wingi kuliko zamani. Mradi wa HEET, ule wa elimu ya juu wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliopitishwa 2021, umesukuma vyuo kupitia mitaala upya, na mtaala haupitiwi bila kuuliza wahitimu wako wapi na waajiri wanasemaje, kwa hiyo zabuni za washauri elekezi zipo, vijana wa kupiga simu wapo, ripoti zinatoka zikiwa na grafu nzuri za rangi. Halafu kwa hizo grafu kozi inafutwa, nyingine inaongezwa, wadogo zetu wanachaguliwa kwenda kuzisoma. Hii sio ishu ndogo, ndio maana inaniuma.

Hoja yangu mimi ni moja. Sisi tunahangaika sana na fomula ya sampuli, ile ya kujua uhoji watu wangapi, na tunapita haraka kwenye swali gumu zaidi, kwamba ni nani hakujibu, na kwa nini hakujibu.

Mtu yeyote aliyefanya utafiti wa chuo nchi hii anaijua namba 384. Ipo kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ukiwa na watu milioni moja wanakwambia chukua 384, na ukienda kwa ile fomula ya Yamane, watu elfu kumi, kosa la asilimia 5, unapata 385. Wanafunzi wanaikariri, wasimamizi wanaikubali, na mshauri elekezi akiiandika kwenye pendekezo lake hakuna mtu anamuuliza zaidi. Hesabu yenyewe iko sawa, mimi sina ugomvi nayo. Ila inasimama pale tu ambapo hao watu wamechaguliwa kwa bahati nasibu kweli na wakajibu. Ikitokea unahitaji 384 ukawapigia simu wahitimu 1,300 mpaka 384 wakapokea na kukubali, ulicho nacho ni watu 384 wanaopokea simu wasizozijua na wasioogopa kuulizwa habari za kazi, na hao ni watu wa aina yao.

Tuchukue mfano wa kutunga ili hesabu ionekane. Chuo kina wahitimu 1,000 wa mwaka fulani. Umewapata 300, kati yao 210 wana kazi, ripoti inaandikwa asilimia 70 ya wahitimu wetu wameajiriwa, mkuu wa chuo anaisoma kwenye mahafali na watu wanapiga makofi. Wale 700 je? Kama kwao wenye kazi ni asilimia 40, basi ni watu 280, jumlisha na 210 unapata 490, yaani wahitimu wenye kazi ni asilimia 49, sio 70. Na ukitaka kuwa mkweli kabisa bila kudhani lolote kuhusu hao 700, unachoweza kuapa mbele ya watu ni kwamba wenye kazi wako mahali fulani kati ya asilimia 21 na asilimia 91. Hapo sampuli uiongeze usiiongeze, kama unaongeza watu wa aina ileile wanaopatikana kirahisi, shimo linabaki palepale.

Hili somo watu walishalilipia zamani. Mwaka 1936 kule Marekani jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni milioni 10 kuuliza nani atashinda urais, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza Landon anashinda. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yao mengi waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, kipindi ambacho simu na gari vilikuwa vya wenye nazo, na hata kati ya waliotumiwa aliyejisumbua kurudisha hakuwa sawa na aliyenyamaza. Sasa na sisi tunatupa linki ya fomu kwenye grupu la wahitimu la WhatsApp, tunasubiri wiki mbili, tunachukua waliojibu. Nani yupo kwenye lile grupu na hajatoka? Nani ana bando na moyo wa kujaza maswali sitini kuhusu maendeleo yake? Yule aliyekaa nyumbani mwaka wa tatu, anayeona wenzake wanaposti picha za ofisini, alishajitoa kimyakimya siku nyingi.

Nirudi kwa yule kaka, maana kwake kuna mambo mengi. Bodi ya Mikopo imesomesha watoto wengi wa masikini, mimi nikiwa mmojawapo, bila lile bumu, ile hela ya kujikimu, nisingemaliza, kwa hiyo silalamiki kulipa. Ila tangu sheria ibadilishwe 2016 makato yalipanda kutoka asilimia 8 ya mshahara mpaka 15, na mtu asiyekuwa na mshahara rasmi anajua deni lipo linamsubiri. Fikiria sasa simu inaingia ya mtu asiyemfahamu, anamtaja majina matatu, anajua alimaliza lini, halafu swali la tatu au la nne ni unafanya kazi wapi na unaingiza shilingi ngapi kwa mwezi. Ungekuwa wewe ungejibu? Mwenye ajira rasmi anakatwa tayari, hana cha kuficha, atakaa na wewe dakika ishirini vizuri tu. Mwenye kibanda chake cha uwakala wa miamala, anayepata hela ya kula na kodi ya chumba, ndiye atakayekata simu. Kwa hiyo woga unafanya kazi mbili kwa pamoja, unawatoa watu wa aina moja kwenye data na unapindisha majibu ya wachache waliobaki, na hakuna fomula ya Yamane inayorekebisha hilo.

Ongeza na haya. Namba tulizopewa na chuo zilikuwa zile walizojaza wakiwa mwaka wa kwanza kwenye fomu ya usajili. Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na kulikuwa na watu chungu nzima hawana kitambulisho cha NIDA wala namba, wakapoteza laini, wakaja kusajili nyingine. Ukipiga unampata mtu mwingine kabisa, mama mmoja wa Singida anakwambia mwanangu hii namba ni yangu, huyo simjui. Na wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wameshawafundisha watu kutopokea namba ngeni. Mdadisi, yule anayepiga simu na kuhoji, analipia makosa ya wengine.

Halafu tuje kwenye swali lenyewe: kazi ni nini? Kwa kipimo cha kimataifa cha Shirika la Kazi Duniani, mtu akifanya kazi hata saa moja tu kwenye wiki unayomuuliza, kwa malipo au kwa faida, anahesabiwa yuko kwenye ajira. Kipimo hicho kina sababu zake kwa takwimu za taifa zima. Lakini ukikibeba hivyohivyo ukakipeleka kwenye ripoti ya chuo, dada aliyesoma sayansi na sasa anajitolea kufundisha sekondari ya kata, analipwa hela ya nauli na wazazi, anaingia safu moja na mwenzake aliyeajiriwa serikalini ana bima na mkataba. Nilimhoji dada wa namna hiyo. Nikamuuliza, umeajiriwa, umejiajiri, au huna ajira? Akacheka, akasema, "Hapo wewe niweke unapoona panafaa, maana mimi mwenyewe sijui niko wapi." Dodoso halikuwa na mahali pa "anajitolea". Nikampigia supavaiza, akasema weka ameajiriwa, muda unaenda. Nikaweka. Na nchi nzima tunajua walimu wa kujitolea walivyo wengi, sio kakundi kadogo ka kupuuza.

Na lugha. Dodoso limeandikwa kwa Kiingereza, mdadisi anatafsiri hewani huku anaongea, kila mmoja kivyake. Kuna sehemu ya yale maswali ya ngazi tano, kutoka sikubaliani kabisa mpaka nakubaliana sana, kitu alichokianzisha Rensis Likert mwaka 1932. Ukimuuliza mtu wa kwetu, je unakubaliana kwa kiasi gani kwamba chuo kilikuandaa vizuri kwa kazi, hakupi namba. Anakwambia "tunamshukuru Mungu". Au "si haba". Au "hivyohivyo tu, tunasukuma siku". Hizo zote zina maana, na sisi tuliozaliwa nazo tunazielewa, "tunamshukuru Mungu" ikisemwa kwa sauti ya chini na pumzi ndefu ni tofauti kabisa na ile inayosemwa kwa furaha. Mdadisi mmoja ataiweka 4, mwingine 3, na mwisho wa jedwali panaandikwa wastani wa 3.62, kana kwamba hizo desimali mbili ziliwahi kutoka mdomoni mwa mtu. Na adabu zetu zinaingia hapo: huwezi kumwambia mgeni anayekupigia kwa niaba ya chuo kwamba chuo kilikuwa hovyo, ni kama kusema chakula kibaya nyumbani kwa watu. Kinachosaidia ni kutafsiri kabla, kwa maandishi, wadadisi wote watumie maneno yaleyale, na kuuliza vitu vilivyotokea badala ya hisia. Usimuulize kama aliridhika na mafunzo kwa vitendo. Muulize, fildi ulienda wiki ngapi, msimamizi wa chuo alikuja kukuona mara ngapi? Hapo atakutajia idadi bila kuona haya, na chuo kitajifunza kitu.

Kuna ile namba nyingine ambayo imekuwa kama msemo. Mwaka 2014 ilitoka taarifa ya Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lile lenye makao yake Kampala, magazeti yakaandika wahitimu ambao hawajaiva kwa soko la ajira ni asilimia 63 Uganda, 61 Tanzania, 55 Burundi, 52 Rwanda, 51 Kenya. Miaka zaidi ya kumi imepita na bado unaisikia kwenye makongamano. Sasa ile ilikuwa inahusu waajiri wanavyowaona wahitimu. Hakuna mhitimu aliyekalishwa akapewa mtihani akafeli. Maoni ya waajiri ni muhimu, sikatai, wao ndio wanaoajiri, lakini mwajiri anayejibu anamkumbuka nani? Anamkumbuka yule aliyemsumbua. Na mwajiri wa Nairobi ana matarajio tofauti na mwajiri wa Bujumbura, kwa hiyo kuzipanga nchi kama ligi, wa kwanza mpaka wa tano, ni kuipa namba mzigo isioweza kuubeba. Mimi sijawahi kumsikia mtu jukwaani anaitaja hiyo 61 halafu akataja na swali lililoulizwa, nani aliulizwa na wangapi hawakujibu. Namba ikishatembea bila swali lake inakuwa tusi tu kwa vijana, na vijana wanalisikia.

Tathmini za wahadhiri nitapita haraka, ingawa na zenyewe ni tafiti za maoni. Chuo nilichosoma mimi matokeo yalikuwa hayafunguki kwenye sistimu mpaka ujaze tathmini ya kila mwalimu wa semista. Matokeo yametoka saa tano usiku, hosteli nzima iko macho, mtu ana wasiwasi na sapu mbili, mitihani ya kurudia, unadhani anasoma maswali? Nilimuona rafiki yangu anabonyeza nne, nne, nne, nne mpaka chini, masomo saba, hakufika dakika tatu, na kati yao kuna mwalimu aliyeingia darasani mara tatu tu muhula mzima. Kujibu kwa kulazimishwa kunakupa asilimia 100 ya majibu na hakukupi maoni. Wenzetu Kanada, kwenye chuo kikuu kilichokuwa kinaitwa Ryerson, kesi ilifika kwa msuluhishi na mwaka 2018 akaamua kwamba hizo tathmini zisitumike kupima uwezo wa mwalimu kufundisha pale anapoombewa cheo. Na kuna utafiti wa Marekani wa 2015, MacNell na wenzake, darasa la mtandaoni ambapo wanafunzi hawamuoni mwalimu, mwalimu wa kike na wa kiume wakabadilishana utambulisho kwenye baadhi ya makundi, aliyedhaniwa mwanaume akapewa alama za juu zaidi. Wanafunzi walikuwa 43 tu, kwa hiyo hauwezi kubeba dunia nzima peke yake, lakini dada zetu wanaofundisha uhandisi wakiusoma watakuwa na la kusema.

Nimalizie na upande wa biashara yenyewe, maana nimekuwa ndani. Kazi niliyoifanya tulilipwa kwa dodoso lililokamilika. Ukimtafuta mtu mgumu siku tatu ukampata, unalipwa sawa na yule aliyepokea mlio wa kwanza, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta mtu mgumu. Wengine wakaenda mbali zaidi, wakajaza wenyewe, kile wazee wa takwimu wanaita kujaza chini ya mwembe. Kwenye Kobo, ile programu ya kukusanyia majibu kwenye tableti, inaonekana, unafungua muda wa kuanza na wa kumaliza, mahojiano ya maswali 62 yameisha dakika tano. Tulipoyaonyesha, tukaambiwa tuyatoe machache ili idadi isishuke chini ya ile iliyoahidiwa kwenye mkataba. Siwalaumu wale vijana peke yao, mkataba ndio uliowafundisha. Na mteja naye ni chuo kinachojichunguza chenyewe, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, rasimu ya kwanza ikirudi ina maoni kwamba hii aya ya ajira "iandikwe kwa namna chanya zaidi".

Uingereza wana utafiti wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho unaofanyika nchi nzima tangu 2005, na mwaka 2017 vyama vya wanafunzi vikaugomea kwa sababu majibu yao yalikuwa yanaingizwa kwenye mpango ambao ungeruhusu ada kupanda. Ili matokeo ya chuo yachapishwe lazima angalau nusu wajibu, na mwaka ule Oxford na Cambridge hazikufika. Wale walijipanga na vyama vyao, wakasusa hadharani. Wa kwetu anasusa peke yake, anakata simu na kuzima, na sisi tunaandika "hapatikani".

Kama ningepewa hiyo kazi kesho, ningechukua watu 150 badala ya 400, niwachague kwa bahati nasibu kweli, kisha hela yote iliyobaki niipeleke kwenye kuwasaka, simu kumi kwa kila mmoja kwa saa tofauti, ujumbe wa maandishi kabla ya simu, na aliyekuwa CR, mwakilishi wa darasa lao, ndiye ampigie kwanza amwambie kuna mtu wa chuo atakutafuta, ni mtu mwema, sio Bodi. Mdadisi alipwe kwa siku, na aliyempata mtu mgumu aongezewe. Sentensi ya kwanza ya mahojiano iwe kwamba taarifa hizi hazipelekwi Bodi wala TRA wala kwa mwajiri, na iwe kweli, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi tangu Mei 2023, chuo kinachokusanya namba za watu kina wajibu. Ukurasa wa kwanza wa ripoti, kabla ya grafu yoyote, uandike tulitafuta wangapi, tuliwapata wangapi, na tunajua nini kuhusu tuliowakosa. Kisha kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili zirudishwe kwa waliohojiwa, maana wengi waliniuliza mwishoni, haya majibu na sisi tutayaona? Nikawaambia ndiyo. Hawakuyaona.

Na kazi yenyewe ianze siku ya mahafali, Novemba au Desemba, pale watu wanapochukua majoho. Weka meza moja na kijana mmoja mwenye tableti, awaulize wote swali moja tu: tukikutafuta baada ya miaka miwili na simu yako imezimwa, tumpigie nani? Wengi watakupa namba ya mama.